Mwambie Baba Yako

Bwana Yesu asifiwe.

Asanteni. Mwenyekiti amenipa mada ndefu kweli, imani, Maandiko na maisha ya kila siku ya familia, kisha akanipa dakika arobaini. Nimeitazama mada hiyo wiki nzima nikaona ni bahari, na mimi mtumbwi wangu ni mdogo. Naomba basi mniruhusu nichukue neno moja tu tukae nalo. Si neno la kiteolojia. Hata mtoto wa miaka mitatu analijua, na pengine ndilo neno la kwanza alilotumwa nalo. Ni neno "mwambie."

Fungueni Luka sura ya 10, pale mwishoni. Yesu yuko nyumbani kwa Martha. Mariamu ameketi miguuni pake anasikiliza, na Martha anahangaika na utumishi. Tumezoea kuhubiri habari hii kama mashindano ya nani wa kiroho zaidi, yule wa jikoni au yule wa sebuleni, na kwa kweli mimi huwa namwonea Martha huruma. Lakini hebu leo tuache mashindano, tusikilize alichosema: "Bwana, huoni vibaya hivyo ndugu yangu alivyoniacha nitumike peke yangu? Basi mwambie anisaidie."

Mwambie! Mariamu yuko palepale. Ni hatua mbili, tatu. Martha angeweza kumgusa bega. Angeweza kumwita kwa jina, maana ni mdogo wake au dada yake, wamekua pamoja. Lakini anapita juu ya kichwa cha Mariamu kama vile ni kiti, anamfikia mgeni, na malalamiko anayatoa huku mlalamikiwa anasikia kila neno.

Sasa geuzeni kurasa mbili hivi, sura ya 12 mstari wa 13. Mtu mmoja katika mkutano, jina lake hatulijui, anapaza sauti: "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Yesu anamjibu kwa ukali kidogo: "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?"

Watu wawili, mmoja ana shida ya kazi za nyumbani, mwingine ana shida ya mali. Wote wana ndugu aliye karibu, na wote wamemkwepa ndugu huyo wakaenda kwa Yesu kumtuma. Katika habari zote mbili, Yesu hakwenda. Hakugeuka kumwambia Mariamu, "Haya, umesikia." Alimgeukia aliyemtuma, akasema naye habari zake yeye mwenyewe: Martha, Martha, wewe unasumbuka. Na yule wa urithi akapewa somo la choyo. Yeye, si ndugu yake.

Nimelifikiria jambo hili kwa sababu kuna wakati nyumbani kwangu tuliishi kwa neno hilo moja. Nitawasimulia, mke wangu amenipa ruhusa, tena amesema nisijipunguzie makosa.

Nilikuwa nimemkopesha ndugu yangu fedha ambazo mimi na mke wangu tulikuwa tumeziweka pamoja kwa kazi nyingine. Sikumwambia. Aligundua mwenyewe, na alipogundua sikuomba msamaha, nilieleza. Mnajua tofauti. Nilieleza kwa ufasaha mkubwa, nikamtaja na Paulo, jinsi asiyewatunza walio wake alivyoikana imani. Mke wangu akaninyamazia, nami nikanyamaza. Tukanuniana siku kumi na tisa.

Lakini nyumba haiwezi kukaa kimya siku kumi na tisa. Kuna funguo, kuna pasi ya nguo, kuna mgeni anakuja Jumamosi. Kwa hiyo tukaanza kumtumia binti yetu wa mwisho, wakati huo ana miaka saba. "Mwambie mama yako nauliza pasi iko wapi." "Mwambie baba yako iko palepale alipoiacha." Mtoto anakwenda, mtoto anarudi. Na sala ya jioni tulikuwa tunasali! Hilo ndilo linalonitia aibu hadi leo. Tulikuwa tunakaa, tunafungua Biblia, kila mtu anasoma mstari wake, tunaomba, tunasema amina, halafu naanza: mwambie mama yako.

Siku moja nilikuwa nimesimama ukumbini, mtoto hajaniona. Nilikuwa nimemtuma amwambie mama yake kwamba kesho nitachelewa kurudi. Basi. Nikamsikia anasema, "Mama, baba anasema kesho atachelewa, na anasema samahani, na anakuuliza kichwa bado kinauma?"

Mimi sikusema samahani. Wala sikujua kwamba mke wangu alikuwa anaumwa kichwa.

Baadaye tulipokuja kuulizana, tukakuta mtoto alikuwa ameifanya kazi hiyo pande zote mbili. Zile "asante" nilizoletewa, "mama anasema pole na kazi," hazikutoka kwa mama. Tulikuwa tunamkabidhi mawe, yeye njiani anayafunga kwa kitambaa ili yasituumize. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameibeba ndoa ya watu wazima wawili waliobatizwa, na alikuwa anadanganya kila siku ili isivunjike.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sijui. Yonathani alikuwa mjumbe. Kwenye Samweli wa Kwanza sura ya 19 anasimama kati ya baba yake, mfalme Sauli, na Daudi ambaye Sauli alitaka kumwua, anasema mema ya Daudi kwa Sauli, na inafaulu kwa muda. Sura moja baadaye anasimama tena pale pale katikati, mezani, kwenye chakula cha mwezi mwandamo, na Sauli anamtupia mkuki. Mkuki uliokuwa wa Daudi ulimlenga Yonathani, kwa sababu Daudi hakuwepo na Yonathani alikuwepo. Mtoto anayesimama katikati ya wazazi yupo siku zote. Ndiyo maana mikuki humfikia yeye kwanza, hata kama hakuna anayemchukia.

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu. Tunaukariri mstari huo vizuri tukibishana na watu wa dhehebu jingine. Mimi nauona pia kama mstari wa malezi. Kazi ya upatanishi ilimgharimu Mwana wa Mungu msalaba. Hiyo kazi unampa nani pale nyumbani, mtoto wa darasa la pili?

Sasa twende Mwanzo 27, maana huko ndiko ninakotaka tukae.

Nawaomba mkifika nyumbani mwisome sura hiyo na kalamu mkononi. Kila mahali watu wanapozungumza, andikeni pembeni ni akina nani. Mtaona kitu. Nyumba ya Isaka ina watu wanne: baba, mama, na mapacha wawili. Isaka anazungumza na Esau. Rebeka anasikia, kwa kutega sikio. Rebeka anazungumza na Yakobo. Yakobo anaingia kwa Isaka, anajifanya ni Esau, anabarikiwa. Anatoka. Esau anaingia kwa Isaka. Rebeka anapata habari za maneno ya Esau, kwamba atamwua ndugu yake, anamwita Yakobo. Mwishoni Rebeka anamwendea Isaka kumlalamikia wake za Esau. Wawili, wawili, wawili, kama watu wanaopokezana lindo. Hakuna mahali hata pamoja wanapokaa watatu, achilia mbali wanne. Esau na Yakobo hawakutani kabisa katika sura nzima. Na Rebeka na Esau, mama na mwanawe wa kumzaa, ukikisoma kitabu cha Mwanzo chote hutakuta neno moja lililoandikwa kwamba mmoja alimwambia mwenzake.

Tena ilikuwa nyumba ya imani. Isaka ndiye yule aliyelazwa juu ya madhabahu. Rebeka alipokuwa mjamzito alikwenda kumwuliza Bwana, naye Bwana akamjibu kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Swali langu ni hili: je, Rebeka alimwambia mumewe jibu hilo? Maandiko hayasemi. Mimi nasoma jinsi Isaka anavyojipanga kumbariki Esau kwa siri na naingiwa na shaka kwamba hakuambiwa. Huenda mama alikuwa na neno la Mungu moyoni, neno la kweli, na akalitumia kama mpango wa siri badala ya kulileta mezani. Mnaweza kunipinga baadaye.

Rebeka akamwambia Yakobo akimbilie kwa Labani, mjomba wake, akae naye siku chache. Siku chache! Yakobo anapohesabu, sura ya 31, zimekuwa miaka 20: 14 kwa ajili ya wale binti wawili wa Labani aliowaoa, 6 kwa ajili ya wanyama. Hakuna mahali panaposema kwamba Rebeka alimwona tena mwanawe huyo. Tunamsikia tu kaburini, pale Yakobo mzee anapotaja kwamba Isaka na Rebeka walizikwa Makpela.

Na mtoto aliyekulia katika nyumba ya kutumana, akija kuwa mtu mzima hutuma. Mwangalieni Yakobo anavyorudi. Kwanza anapeleka wajumbe: mtamwambia bwana wangu Esau hivi. Wajumbe wanarudi na habari kwamba Esau anakuja na watu 400. Yakobo anaogopa, anaomba, kisha anapanga zawadi: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 wanaonyonyesha na ndama zao, ng'ombe 50, punda 30. Anawagawa makundi makundi, anaweka nafasi kati ya kundi na kundi, na kila mchungaji anapewa maneno yaleyale: Esau akikuuliza, mwambie ni za mtumwa wako Yakobo. Wa kwanza mwambie, wa pili mwambie, wa tatu mwambie. Zaidi ya wanyama 550 wanatembea mbele ili Yakobo asiwe wa kwanza kumwona ndugu yake.

Nacheka, lakini nawajua watu wa namna hiyo. Anayemnunulia mke zawadi kubwa kuliko uwezo wake ili asiseme "nilikosa." Anayemlipia mtoto ada mpaka chuo na hajawahi kumwuliza unaendeleaje. Wanyama 550.

Esau akaja mbio. Akamkumbatia, akamwangukia shingoni, akambusu, nao wakalia. Halafu akauliza, makundi haya yote niliyokutana nayo ni ya nini? Na sikilizeni wanavyoitana. Yakobo anasema "bwana wangu," "bwana wangu," anarudia. Esau anasema, ninayo tele, ndugu yangu. Yakobo ndiye aliyekesha akishindana mweleka na mtu mmoja hata alfajiri, akaondoka na baraka, lakini asubuhi ile aliyesema "ndugu yangu" ni Esau.

Ugonjwa haukuishia hapo. Yakobo akampenda Yusufu kuliko wote, akamfanyia kanzu, na ndugu zake wakamchukia, "wala hawakuweza kusema naye kwa amani." Mwandishi wa Mwanzo anajua anachokitaja. Kabla ya shimo walimomtupa na kabla ya vile vipande ishirini vya fedha walivyomwuzia kulikuwa na maneno yasiyosemeka. Yusufu ana miaka 17 wakati huo. Anapojitambulisha kwao Misri imepita kama miaka 22. Wanalia, wanabusiana, wanazungumza. Ungedhani yamekwisha.

Basi Yakobo akaishi Misri miaka 17 mingine, akafa. Ndugu wakaogopa. Na wakafanya nini? Wakapeleka ujumbe kwa Yusufu: baba yako aliagiza kabla hajafa, akasema, mwambieni Yusufu awasamehe ndugu zake. Ukirudi nyuma kutafuta ni lini Yakobo aliyasema hayo, hutapaona. Wamemtuma marehemu! Wameishi na Yusufu miaka 17, wanakula kwake, watoto wao wanalelewa kwake, na tangu shimoni ni karibu miaka 39, na neno "utusamehe" bado hawajaliweka midomoni mwao wenyewe. Biblia inasema Yusufu alilia waliposema naye. Mimi sidhani alilia kwa sababu ya shimo. Shimo alishalililia zamani.

Lakini mstari unaofuata unasema ndugu zake nao wakaenda, wakaanguka mbele yake. Wenyewe. Hapo ndipo Yusufu akawaambia maneno yale tunayoyapenda, kwamba ninyi mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Na akawafariji, akasema nao vema.

Nakuja kwa Maandiko yenyewe, maana nayo tunayatuma. Waefeso 5 na 6. Nani hapa hajawahi kusikia mume akimsomea mkewe "Enyi wake, watiini waume zenu"? Naona mnacheka, na naona mabwana wawili hawacheki. Ndugu zangu, hebu tazameni anwani. "Enyi wake" ni barua kwa wake. "Enyi waume, wapendeni wake zenu" ni barua kwa waume. "Enyi watoto." "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu." Barua hizo zilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa lililokusanyika, na kila mmoja aliitwa kwa zamu yake, akajibiwa yake, mwenzake akisikia. Paulo hakuandika, "Enyi waume, waambieni wake zenu watii." Ukisoma fungu la mwenzako umefungua barua isiyo yako. La kwako linakungoja mistari mitatu mbele, na ni refu zaidi, jambo ambalo waume huwa hatulitaji.

Na sala. Kuna sala zinaitwa maombi lakini ni mishale. Baba anapiga magoti na familia: "Ee Bwana, wasaidie wale wanaolala hadi saa mbili asubuhi wakati wenzao wanafanya kazi." Mama naye: "Bwana, gusa mioyo ya wanaume wasiojua nyumba inaendeshwaje." Mungu anasemeshwa huku jirani anasubiri kupigwa. Hiyo ni Luka 10 imerudi: Bwana, mwambie. Kisha tunashangaa vijana wakifika miaka kumi na minane hawataki tena kusali nasi. Wao walikuwa wamefumba macho, masikio hawakuyafumba.

Hapa niseme jambo, nalo naomba mlisikie vizuri, kwa sababu kuna mtu atatoka hapa na kusema mzee amefundisha kila mtu akazungumze na mwenzake uso kwa uso. Sijasema hivyo kwa kila nyumba. Nabali, katika Samweli wa Kwanza 25, mtumishi wake mmoja alisema ni mtu asiyefaa, mtu hawezi hata kusema naye. Abigaili mkewe hakwenda kujadiliana naye. Alitenda kwanza, akaiokoa nyumba, na aliporudi akamkuta amelewa hakumwambia neno lolote, dogo wala kubwa, hata kulipopambazuka. Mama unayepigwa, mtoto unayetishwa, binti unayeguswa na mtu mzima wa nyumbani: wewe nenda ukamwambie mtu mwingine, leo. Huyo si mjumbe wa kununiana, ni msaada. Mtu akikujibu rudi ukayamalize na mumeo kwa maombi, mtafute mwingine. Na kwa sisi wengine, Mathayo 18 imeweka mpangilio: kwanza wewe na yeye peke yenu, na asiposikia ndipo mmoja au wawili. Tatizo letu wengi ni kwamba tunaanza na hao wawili, tunaongeza shemeji na mama mzaa chema, halafu kundi la familia kwenye simu, na mwenyewe anakuja kuwa mtu wa mwisho kujua.

Martha alijifunza, mnajua? Watu hawamfuatilii. Yohana 11, Lazaro ndugu yao amekufa, Yesu amefika. Martha anatoka kumlaki, wanazungumza, anatoa ungamo lile kubwa kwamba wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu. Halafu anarudi nyumbani, na Yohana anasema alimwita umbu lake Mariamu faraghani, akamwambia, "Mwalimu yupo anakuita." Faraghani! Kwa sauti ya chini, yeye kwa yeye. Na sura ya 12 Martha bado anatumika mezani, na Mariamu bado yuko miguuni pa Yesu, na safari hii anayelalamika ni Yuda.

Mtaniuliza kwetu iliishaje. Siku ile ya ukumbini ningepaswa kuingia jikoni palepale. Sikuingia. Nilirudi nikakaa. Ilinichukua usiku mzima na kesho yake yote, na nilipoingia nilisema vibaya, nilianza tena kueleza, ikabidi ninyamaze nianze upya. Sentensi ilikuwa ya maneno matatu. Jioni ile nilimwomba mke wangu chumvi, mimi mwenyewe, na binti yetu akatazama huku na huku akauliza, "Kwa hiyo leo hamnitumi?"

Dakika zangu zinakwisha. Yule baba wa Luka 15 alikuwa na watumishi. Mwana mdogo aliporudi aliwatuma: leteni vazi, leteni pete, leteni viatu, leteni ndama. Mwana mkubwa aliporudi kutoka shambani akasikia ngoma, na yeye, mtu wa nyumba ile, akamwita mtumishi kuuliza kwao kuna nini. Mtumishi akamweleza. Akakasirika, akakataa kuingia. Mtumishi alikuwepo, angeweza kurudishwa nje: mwambie aingie, chakula kinapoa. Baba hakumtuma. Alitoka nje mwenyewe, akamsihi, na habari inakomea hapo, wawili wamesimama nje.

Tusimame tuombe. Na leo, tafadhali, kila mtu ajiombee mwenyewe.